Juma la Majiko Baridi

Kazi yangu ni kutowaamini watu, na naifanya vizuri. Mtu akisema amepanda miti, nataka kuiona kwa setilaiti. Akisema kaya za kijiji fulani zimepunguza kuchoma kuni kwa sababu zimepewa majiko banifu, nataka majiko yenyewe yaniambie. Watu wanapenda kusema mambo makubwa kuhusu tabianchi, hasa watu wa suti, na kwa miaka mingi maneno yao yaliandikwa kwenye ripoti nene zenye picha za watoto wanaocheka, yakasifiwa, kisha yakafungiwa kabatini. Mimi nalipwa ili ripoti za namna hiyo zikose kazi.

Ofisi yetu iko Tottenham, London, ghorofa ya pili, juu ya ukumbi wa mazoezi ambao muziki wake unapenya sakafuni tangu asubuhi. Tunachofanya kina jina la kutisha, blokcheni. Nikienda kwenye shughuli za Watanzania wenzangu kule Woolwich, upande wa pili wa jiji, mtu akaniuliza nafanya kazi gani, nikilitaja tu anadhani nauza zile sarafu za mtandaoni, na anasogeza mkoba wake karibu. Kwa hiyo nina maelezo yangu mafupi. Fikiria daftari, namwambia, ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani. Kila ukurasa umebeba alama ya ukurasa uliotangulia. Ukichezea ukurasa wa nyuma, kurasa zote za mbele zinakataa kukaa sawa, na kila mwenye nakala anaona. Unaweza kuongeza neno mbele, lakini kufuta hakuna. Hapo huwa ananiuliza, "Je, mkiwa mmeandika uongo?" Namjibu kwamba ndiyo maana wameniajiri mimi.

Bosi wangu ni kijana wa Queensbury, mtaa mwingine wa London, amezaliwa huko huko, ila bibi yake alizaliwa Kisumu na akahama na Kiswahili cha jikoni ambacho hajakiacha mpaka leo. Kwa hiyo bosi anajua sufuria, kisu, pole, hapana na haraka. Neno haraka analitumia kwangu kuliko ninavyopenda. Ni mtu mwema, mwenye kupenda kanuni kupita kiasi, na kwa sababu mimi napenda kubishana kupita kiasi, tunaelewana.

Kati ya miradi tuliyokuwa tunaikagua, mmoja ulikuwa wa kwetu. Kwetu ni Njombe, kwenye kitongoji kimoja cha mlimani, baridi yake ni ya kuvaa koti mwezi wa sita na kulala nalo. Watu wanalima viazi na mahindi, wanapanda miti ya miwati, na moto hauzimwi mapema kwa sababu moto ndio blanketi. Majiko banifu yalipofika huko niliandika mara moja kwamba ni nyumbani, na tukakubaliana kwamba kazi ya kusoma takwimu nitaifanya mimi, lakini sahihi ya mwisho itakuwa ya bosi. Sikutaka mtu aje kusema nawabeba ndugu zangu.

Jiko lenyewe ni la udongo na matofali, limejengwa ili kuni chache zitoe joto la kutosha. Ubavuni limefungwa kidude cha chuma, ukubwa wake kama kiberiti, kinachohisi joto. Kikihisi, kinaandika saa na kiwango, na kinatia alama yake ili mtu asije akabadilisha. Fundi wa majiko, kijana wa pale pale kitongojini, huzunguka kila Ijumaa asubuhi akikusanya takwimu hizo kwa simu, kisha anapanda kilimani kwenye mtandao na kututumia. Hapa London napata juma zima kwa mkupuo, mistari inayopanda na kushuka, kila jiko na namba yake, bila jina la mtu. Ijumaa hiyo hiyo jioni ukurasa unafungwa.

Kati ya namba hizo, moja nilikuwa naijua bila kuuliza. Lilikuwa jiko la mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenichukua nikiwa sijui hata kufunga kiatu, baada ya mama kufariki. Kila kitu kilicho kigumu ndani yangu kimetoka kwake. Walipomfungia kile kidude alinipigia simu.

"Hiki kitu chenu kinaniona?"

"Hakioni, mama. Kinahisi joto tu."

"Kwa hiyo nikichelewa kuamka utajua."

"Nitajua Ijumaa."

"Ijumaa nitakuwa nimeshaamka," akasema, na akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake.

Hakuchelewa hata siku moja. Mstari wake ulikuwa wa kwanza kupanda, giza la alfajiri halijatoka, wengine wakifuata nyuma yake. Nilizoea kuutafuta kabla sijagusa chai yangu. Najua mkaguzi hapaswi kuwa na mstari anaoupenda, lakini nilikuwa nao.

Kitongojini mama mkubwa alijulikana kwa jambo moja zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye mwiko wa misiba. Kwetu mtu akifariki, hakuna anayepika kwake. Wanaume wanakwenda kuchimba kaburi na kupasua kuni, wanawake wote wanahamia uwanja wa wafiwa, wanapanga mafiga matatu matatu nje, masufuria yanapanda juu ya moto wa wazi, na watu wanakula hapo na wengine wanalala hapo mpaka matanga yaanuliwe. Jiko banifu halibebi sufuria la msibani, na hata lingebeba, msiba haupikiwi ndani. Mama mkubwa alikuwa anasimama katikati ya moshi ule na mwiko wake mrefu kuliko mimi, anaonja kande, anatukana kuni mbichi, na hakuna mchungaji wala mwenyekiti aliyethubutu kumwambia chakula kimechelewa.

Mimi nimerithi upande huo kidogo. Hapa London nimo kwenye kamati yetu ya misiba, na mkuu wake ni mama mmoja wa Woolwich, mfanyakazi wa nyumba ya wazee, ambaye sote tunamwita Mama Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kumpelekea mtu habari. Mtu aliye mbali na kwao haambiwi kifo kwa simu akiwa peke yake. Ndugu wa nyumbani wanafunga midomo, wanampigia Mama Mwenyekiti kwa siri, na sisi tunakwenda mlangoni kwa mtu huyo na chupa ya chai na sufuria la wali, tunaingia, tunakaa, tunauliza habari za kazi. Ikilazimu kupiga simu kwanza, kuna maswali mawili tu. Uko na nani hapo? Umekula? Ukishajua kwamba ana mtu pembeni na ana kitu tumboni, ndipo unaweza kusema kinachofuata. Nimeyauliza maswali hayo mara nyingi, na sauti yangu imezoea kuyafanya yaonekane ya kawaida.

Basi ikawa Ijumaa moja ya mvua nyembamba, ile mvua ya hapa isiyonyesha wala kukoma. Takwimu za Njombe zilikuja mchana, nikiwa namalizia wali na kuku niliofungasha kutoka nyumbani. Nilifungua, na kijiko kikabaki hewani.

Mistari ilikuwa imelala. Kuanzia Jumanne mchana, jiko baada ya jiko, kitongoji kizima kilikuwa baridi. Hapa na pale kulikuwa na kipande kidogo cha joto cha asubuhi, uji wa watoto bila shaka, halafu kimya.

Bosi alikuja kusimama nyuma yangu na kikombe chake. Aliangalia, akapumua kwa nguvu.

"Wameyaacha," akasema.

"Hawajayaacha."

"Majiko karibu yote kwa pamoja, karibu siku tatu. Kanuni inasema kundi likipoa namna hii bila sababu, tunaandika yametelekezwa."

Nilijua maana yake. Kitongoji cha juu yake kilikuwa kinasubiri majiko yake, na kingeambiwa kisahau. Tena ingeandikwa mahali pasipofutika kwamba wanawake wa kwetu walipewa kitu kizuri wakakitupa. Miaka mingi baadaye mtu yeyote angefungua ukurasa ule na kusoma hivyo. Nilihisi masikio yakipata moto.

"Kuna msiba," nikamwambia. "Jumanne mtu amefariki. Hakuna anayepika kwake. Wote wako uwanjani kwa wafiwa, wanapika nje."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika kama ninavyojua jina langu. Majiko hayaharibiki yote mchana mmoja. Hata watu wakiamua kuacha kitu, wanaacha mmoja mmoja, huku wanasutana. Kinachoweza kuzima kitongoji kizima kwa mara moja ni kifo, na tena kifo cha mtu mkubwa." Nilikuwa nimeshaanza kufurahia, nakiri, jinsi maelezo yalivyokaa sawasawa. Nilimwona mama mkubwa kabisa, kanga kiunoni, macho mekundu kwa moshi, anamfokea mtu. "Mama yangu yuko hapo hapo sasa hivi, anakoroga."

Bosi alivuta kiti. "Nakuamini. Lakini ni kwenu, na sahihi ni yangu. Nahitaji shahidi wa kule."

Lilikuwa ombi la haki. Nilimpigia fundi, nikaweka simu mezani kwenye spika ili bosi asikie mwenyewe, mengine nimtafsirie. Iliita muda mrefu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, kaka. Habari za huko?"

"Nzuri tu, dada."

"Nimeona majiko yamepoa tangu Jumanne. Kuna msiba hapo, siyo?"

Nilisikia upepo wa kilimani ukipiga kwenye simu yake. Kisha akasema, "Hapana, dada. Hakuna msiba. Tuko salama wote."

Bosi aliniangalia. Neno hapana bibi yake alikuwa amemfundisha mapema sana.

"Kaka, majiko yote?"

"Labda ni mtandao."

"Tangu lini mtandao ukapoza jiko?" Nilishaanza kukasirika. Nilidhani kijana ameogopa, amefikiri akikubali kwamba watu wamepika kwa mafiga mradi utamfukuza, na kwa uoga huo anawazika wanawake wote wa kitongoji. "Usinivungie, kaka. Hili jambo linafungwa leo. Sema ukweli tu, hakuna atakayekulaumu."

Alipojibu sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa laini, ya pembeni, kama mtu anayemwongelesha mtoto mwenye homa.

"Dada, kwani uko na nani hapo?"

"Niko kazini."

"Umeshakula lakini?"

Akasema atanipigia baadaye, akakata.

Bosi alikuwa anasema kitu, kwa upole, kwamba shahidi amekana na kwamba labda kuna maelezo mengine. Nilikuwa simsikii. Mkono wangu ulikuwa umerudi kwenye kompyuta wenyewe. Nilitafuta mstari mmoja, ule ambao siku nyingine zote nilikuwa nauangalia wa kwanza na leo, kwa kuona mistari yote imelala, sikuuangalia peke yake. Majiko mengine yalipoa Jumanne. Lile lilipoa Jumapili. Jumatatu alfajiri, wakati wengine wote wakiwasha kama kawaida, halikuwaka.

Jumapili nilikuwa nimempigia, simu yake ikawa imezimwa. Nilimpigia mdogo wangu, binti yake, anayekaa Njombe mjini. Aliniambia umeme umekatika huko juu, mama hana chaji. Nilimwamini. Mimi, ambaye kazi yangu ndiyo hiyo.

Nilikaa nikiangalia ule mstari. Chini mtu alikuwa anadondosha vyuma vya mazoezi na sakafu inatikisika. Nilielewa yote kwa pamoja na kwa mpangilio: hospitali Jumapili, kifo Jumanne, midomo kufungwa, mtu wa Woolwich kupigiwa simu kwa siri. Nilikuwa nimesema kweli kuhusu msiba, kila neno, na sikuwahi kuchukia kusema kweli kama siku ile.

Nilichukua simu nikampigia fundi tena.

"Kaka," nikasema, kabla hajanisalimu. "Niko na bosi wangu, yuko hapa pembeni yangu. Nimekula wali na kuku, nimeshiba. Nimekaa kwenye kiti. Sasa niambie."

Alilia kwanza. Kisha akasema, "Mama mkubwa ametuacha, dada. Walinikataza. Walisema usiambiwe mpaka wafike kwako leo jioni."

"Najua. Hujakosea kitu."

"Umejuaje, dada?"

"Wewe ndiye uliyenitumia."

Akasema, "Ijumaa ndiyo ilifika. Ulituambia tusicheleweshe Ijumaa." Na ni kweli, nilikuwa nimewaambia hivyo, tena kwa ukali.

Nilipoweka simu chini bosi alikuwa ameshaelewa bila kutafsiriwa. Alifungua mdomo, nadhani alitafuta maneno ya Kiingereza yanayofaa, hakuyapata. "Pole," akasema. Akarudia, "Pole sana," kwa lafudhi ya bibi yake, na mimi sikulia. Nilikuwa na kazi.

Alitaka kunionea huruma kwa njia yake. Alipendekeza tukiache kitongoji chetu nje ya ukurasa wa juma hilo, pabaki wazi, tutatazama baadaye. Nilikataa. Pasipoti yangu wakati huo ilikuwa kwa watu wa uhamiaji, kibali changu cha kuishi kikisubiri kuongezewa muda, na nyumbani walilijua hilo. Kwenda kumzika nisingeweza hata wangeniambia dakika ile ile. Kesho yake wangemfukia, na mimi nisingetupa hata kiganja cha udongo. Lakini ukurasa ulikuwa mbele yangu, na ukurasa nilikuwa naujua vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

"Hatuachi wazi," nikamwambia. "Pakiwa wazi mtu atafikiri tunaficha. Andika kwamba yamepoa, kwa sababu yamepoa. Andika sababu. Na andika kwamba kule nje wamechoma kuni kwenye mafiga, nyingi, kwa siku zote hizo, na kwamba hatudai kuni zozote zilizookolewa juma hili."

"Hilo la mwisho si lazima."

"Ni lazima. Huyu mwanamke hakuwahi kupika kidogo akasema amepika kingi."

Basi akakaa kwenye kompyuta yake. Mfumo wetu una sababu zake za kuchagua: mavuno, safari, jiko kuharibika, mafuriko. Ya kwetu haikuwemo. Aliunda nafasi mpya, akaanza kuandika neno la Kiingereza la mazishi, nikamzuia. Mazishi ya hapa, nikamwambia, ni saa moja ya watu waliovaa nyeusi, halafu sandwichi, halafu kila mtu anawahi treni yake. Hayajawahi kupoza jiko la jirani. Alifuta, akaniuliza herufi, nikamtajia. Msiba.

Shahidi sasa alikuwepo. Fundi alituma picha ya uwanja wa nyumbani: moshi, mafiga, masufuria meusi, wanawake wameinama. Katikati amesimama mdogo wangu, mtoto wa mjini, asiyependa hata kumenya kitunguu, kanga kiunoni, mikono miwili juu ya mwiko wa mama yake. Niliiangalia picha hiyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa ukaguzi. Bosi alitia sahihi yake na ukurasa ukafungwa.

Nilipanda basi kwenda nyumbani. Nilifagia sebule, nikapanga viti, nikachemsha maji, kwa sababu nilijua wageni wanakuja na nilijua ni wangapi huwa tunakwenda. Saa kumi na mbili jioni kengele ikalia. Mama Mwenyekiti alikuwa mbele na chupa ya chai, nyuma yake wanakamati wenzangu na sufuria lililofungwa kwa kitambaa, wote wamevaa ile sura ambayo nami nimewahi kuivaa.

"Hodi mwanangu. Tulikuwa tunapita tu."

Hakuna mtu anayepita tu Tottenham akitokea Woolwich. Ningeweza kumwambia kwamba najua. Nilifungua kinywa nimwambie. Lakini nilimwona amechoka, bado ana viatu vya kazini, na nikatambua kwamba kilichobaki hakikuwa habari, kilikuwa namna ya kupewa habari, na hiyo nilikuwa bado sijapewa. Nikawakaribisha.

Walikaa. Waliuliza habari za kazi, nikasema nzuri. Waliuliza habari za baridi. Mama Mwenyekiti alisogea karibu nami kwenye kochi, akaniambia amebadilishana shifti na mwenzake ili aje kuniona, na kwamba kesho yuko off, kwa hiyo hana haraka. Kisha akaushika mkono wangu.

"Umekula, mwanangu?"

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti ya kwetu, ya uwanjani, majirani wa juu wakagonga sakafu mara moja kisha wakaacha. Nilimlilia mama aliyenilea na ambaye sitamsikia tena akikata simu bila kuaga. Walinishika pande zote. Baadaye sana Mama Mwenyekiti aliniuliza ni nani aliyewatangulia kunipa habari, nikamwambia ni majiko. Alidhani ni uchungu unanisemesha, akanipa chai.

Kesho yake niliona maziko kwa simu ya fundi, picha ikiganda kila mara udongo ulipotupwa. Mdogo wangu alinipigia baada ya hapo, nami nilikuwa nimemwandalia maneno.

"Umeme umekatika, eeh?"

"Dada, nisamehe. Tulifunga midomo ya kitongoji kizima. Mpaka watoto."

"Mkasahau majiko."

Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, nami hivyo hivyo, na maneno niliyomwandalia sikuyatumia.

Sasa ile sababu ipo kwenye mfumo wetu, na miradi mingine imeanza kuichagua. Juzi niliiona imetoka nchi ambayo hawasemi Kiswahili kabisa, neno letu lile lile, na chini yake maelezo ya wanawake waliokwenda kupika kwa jirani. Bosi anajivunia kama ameigundua yeye. Mimi namwachia.

Lakini ile Ijumaa baada ya matanga kuanuliwa ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Takwimu zilikuja mchana. Nilifungua nikiwa nimejiandaa kuona mistari yote imepanda isipokuwa mmoja, na nilikuwa nimeshaamua kwamba nitauangalia hivyo hivyo, umelala. Haukuwa umelala. Tangu Jumatano jiko la mama mkubwa lilikuwa linawaka, tena la kwanza, kabla ya kitongoji kizima.

Nilimpigia mdogo wangu. "Nani amewasha jiko la mama?"

"Mimi. Nimehamia huku kwanza. Nyumba haiwezi kukaa bila moto na baridi hii." Kisha akaniuliza, "Kwani umeona?"

"Nimeona. Ulichelewa kidogo jana, Alhamisi."

"Kuni zilikuwa mbichi," akasema kwa hasira, sauti ile ile ya mama yake. "Subiri Ijumaa ijayo."

Na akakata simu bila kuaga.